Mwalimu na Maneno Yetu ya Siri

Tulimwita Mwalimu, ingawa hospitali tuliyofanyia kazi Doha haikuwa na darasa, na yeye alikuwa mtu wa kompyuta. Kabla ya kuja Ghuba alikuwa amefundisha hesabu sekondari huko kwetu Kenya kwa miaka mingi, na ualimu haukumtoka. Ukimuuliza jambo, hata bei ya nyanya, alikujibu kwa swali. Ukipatia hakukusifu, alipita tu kwenye swali jingine. Mimi ni muuguzi, nimezoea watu wanaotoa amri na watu wanaolia, lakini mtu wa kunipa mtihani huku nimebeba trei ya dawa sijawahi kumwona mwingine.

Namwandika kwa sababu Wakenya wa Doha wa miaka ile bado wanabishana juu yake. Aliandika programu iliyotupa sote maneno ya siri ya kufungulia faili za wagonjwa, kisha akaja kugundua kwamba ndani ya programu hiyo mlikuwa na mpangilio uliojificha, na aliyeujua angeweza kuingia. Angenyamaza, kazi yake ingebaki. Hakunyamaza. Wapo wanaosema alikuwa mjinga mwenye elimu. Mimi nina yangu ya kusema, na sitajifanya kwamba sina upande.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na alitembea haraka kama mtu anayekimbilia kengele ya kipindi. Chumba cha mitambo alichokaa kilipozwa kama jokofu, kwa hiyo alivaa sweta la kijivu mwaka mzima. Tatizo ni kwamba alisahau kulivua. Mwezi wa saba, jua la Doha likiwa limefukuza kila mtu barabarani, ungemwona Mwalimu anavuka uwanja wa magari na sweta lake limefungwa vifungo vyote, walinzi wa getini wakimtazama kama mgonjwa aliyetoroka wodini. Chai ya karak, ile nzito ya maziwa na iliki, aliinywa na sukari ambayo mimi kama muuguzi niliona aibu kuitazama. Nilimgombeza. Aliniuliza sukari kwa Kiarabu inaitwaje, nikajibu, tukawa tumeacha mada.

Mambo yake mwenyewe hakuyafunika hata kidogo. Hili ndilo lililonichekesha, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kulinda siri. Tulijua anakoroma. Tulijua jino lipi linamuuma na mke wake huko nyumbani amemnunia kwa sababu gani. Gari lake, Corolla iliyochoka, hakulifunga kamwe. Mwenzetu mmoja alipopanga kumshtukiza mchumba wake kwa pete, tulimficha Mwalimu habari ile kwa bidii kuliko tulivyomficha mchumba mwenyewe, na bado aliijua na bado aliisema. Lakini jambo la mgonjwa, au la faili la mtu, hukulipata kwake hata umbembeleze vipi. Alikuwa na macho ya kuona faili zote za hospitali ile, na sikuwahi kumsikia akisema fulani ana ugonjwa fulani.

Doha Ijumaa ndiyo Jumapili yetu. Wakristo wote hukusanyika kwenye uwanja wa makanisa kule Abu Hamour, kila lugha na ukumbi wake, na baada ya ibada sisi Waswahili tulikunywa chai pamoja, Wakenya, Waganda, Watanzania wachache. Hapo ndipo Mwalimu alipofungulia darasa lake ambalo hakuna aliyeliomba.

Siku moja aliwagawa wanakwaya makundi mawili. Kundi la kwanza alilikabidhi sarafu ya dirhamu hamsini, wairushe mara nyingi na kuandika imeangukia upande gani. La pili aliliambia lisirushe kitu, libuni tu matokeo kichwani. Akatoka nje. Aliporudi alitazama karatasi mbili, akainua moja.

"Hii ni ya kubuni."

"Umechungulia dirishani, Mwalimu," mtu akasema.

"Sijachungulia. Mnaogopa kurudia. Sarafu haina aibu, inaweza kulalia upande mmoja mara tano mfululizo. Nyinyi mkifika mara tatu mnaona kama mtashikwa, mnageuza. Kichwa cha mtu hakijui kubahatisha. Hata ukijitahidi, mkono wako una njia zake."

Tulirudia mchezo mara nyingi tukijaribu kumdanganya. Alitushika karibu kila mara, na kila alipotushika alifurahi kama mtoto, jambo lililotuudhi zaidi.

Dereva wa basi letu la wauguzi, Mganda mpole aliyependa kuelewa vitu mpaka mwisho, ndiye aliyemuuliza swali la maana. "Lakini ssebo, si mnasema hizo paswadi zikiingia kwa kompyuta zinafichwa? Nani atazisoma?"

Mwalimu aliweka kikombe chini. "Zinasagwa. Chukulia paswadi yako ni mahindi. Kompyuta inayasaga, inaweka unga tu. Kesho ukija, inasaga tena ulicholeta na kuangalia kama unga ni uleule. Unga huwezi kuurudisha kuwa punje, hata mimi siwezi. Kinu hicho ni kizuri, watu wenye akili kuliko mimi wamekijaribu miaka na miaka. Sasa mwizi atafanyaje?"

"Atachoka aende nyumbani."

"Hapana. Ataleta mahindi anayodhani ni yako, atasaga, atalinganisha unga. Kwa hiyo usiniulize kinu. Niulize kama mahindi yako yanaweza kukisiwa."

Na yetu yaliweza kukisiwa, hilo hata mimi nilikuja kukubali. Ninaishi na mwenzangu mmoja, muuguzi pia, ambaye kila mtu anamwita Mama Brayo kwa jina la utani la mtoto wake wa kwanza, Brian, kama desturi yetu ilivyo. Mwalimu alimgeukia siku hiyohiyo.

"Mama Brayo, Brian alizaliwa mwaka gani?"

Akamtajia bila kufikiri.

"Basi barua pepe yako nimeshaifungua. Paswadi yako tunaiita kwa sauti kila Ijumaa, uwanja mzima, na wewe unaitika."

Ukumbi ukavunjika mbavu. Mama Brayo hakucheka. Alimnyima salamu wiki kadhaa, akabadilisha neno lake akaweka la mtoto wa pili, na Mwalimu akalikisia hilo pia. Hapo ndipo alipokaribia kumwagiwa chai. Lakini usidhani ni Mama Brayo peke yake. Akina mama karibu wote waliokuwa ukumbini siku ile waliinama wakaanza kuchezea simu zao.

Udhaifu huo aliujua kabla sisi hatujafika. Hospitali ilipoweka faili za wagonjwa kwenye kompyuta, aliwashawishi wakubwa kwamba wafanyakazi wasichague maneno yao wenyewe. Mashine iwape. Aliiandika programu hiyo mwenyewe na aliipenda. Aliitaja kama wengine wanavyomtaja mtoto aliyefaulu mtihani. Ilitunga maneno ya silabi na tarakimu, yasiyo na maana yoyote lakini yanayotamkika, kwa kuwa alituhurumia sisi wenye glavu na haraka. Siku ya kuajiriwa mlipanga foleni mbele ya dirisha lake, kila mmoja akapewa kikaratasi, akakisoma, akakichana palepale mbele ya macho yake. Kuandika popote ilikuwa marufuku. Mwenye kuandika alikemewa kama mtoro.

Sasa mtu wa kwaya akikatazwa kuandika hufanya nini? Huimba. Mama Brayo ni sauti ya pili, mimi ni ya kwanza, na tuliajiriwa asubuhi moja, foleni moja, yeye mbele mimi nyuma. Kila mmoja alitia neno lake kwenye sauti ya wimbo wa kukusanya sadaka, kwa sababu unakwenda polepole. Kazini tuliimba kimoyomoyo tukiwa tunabonyeza, nyumbani jikoni kwa sauti, na tukawa wauguzi ambao hawakuwahi kusahau neno la siri. Wasimamizi walitusifu. Hatukuwaambia siri ya mafanikio yetu.

Ijumaa moja tulikuwa jikoni mwa ukumbi tunaosha vikombe. Mama Brayo alikuwa anarudi kazini kesho yake baada ya likizo ndefu nyumbani, akaogopa amesahau, akaanza kuimba neno lake juu ya sinki. Mimi kwa utundu nikaingia na langu. Tukacheka, tukaanza upya, pamoja. Mwalimu akaingia na chupa mbili za chai tupu.

Tulikatisha wimbo, tukingoja kugombezwa. Hakugombeza. Alisimama na zile chupa mikononi.

"Imbeni tena," akasema.

"Mwalimu, tumekosa, hatutarudia."

"Imbeni tena, tafadhali. Mmoja mmoja."

Mama Brayo akaimba. Nikaimba. Hata sisi tulisikia, sasa tukisikilizwa. Maneno yetu yalianza sawa, yakaenda sawa, yakaachana mwisho kabisa, silabi ya mwisho na tarakimu. Tulikuwa tumeimba hivyo miaka yote na kuliona kuwa jambo zuri tu, sauti zinapatana.

"Mlisajiliwa siku moja?"

"Foleni moja," nikasema. "Yeye mbele yangu."

Aliweka chupa juu ya meza kwa uangalifu mkubwa. "Kabla hamjagusa faili lolote, kesho badilisheni. Zote mbili. Mkishabadilisha mniambie." Kisha akatoka, na chakula chake tulichomwekea kikapoa mezani. Mama Brayo alisema, "Huyu leo amepatwa na nini?" Mimi nilikuwa nimeuona uso wake. Nimewaona watu wakipewa majibu ya vipimo, na ulikuwa uso huo.

Alinieleza baadaye katika wiki hiyo, kwenye kantini, kwa maneno ambayo hata mimi niliyafuata. Kompyuta haibahatishi kama sarafu. Unaipa namba ya kuanzia, nayo inazaa nyingine kwa kanuni. Yeye, kwa haraka ya mwaka ule wa kwanza, aliifanya ianze na saa ya kompyuta yenyewe, kwa sekunde. Waliosajiliwa sekunde zinazofuatana walipata maneno yanayofuatana. Aliyeijua asubuhi uliyoajiriwa angejaribu sekunde za asubuhi hiyo, si nyingi, na neno lako lingekuwa mojawapo.

"Nimejijaribu mwenyewe," akasema. "Nimechukua saa niliyojisajili mimi, nikafanya hesabu. Paswadi yangu ya kwanza ikatoka."

"Lakini si ulisema zinasagwa?"

"Kinu ni kizima. Nimewapa wote mahindi ya shamba moja." Alitikisa kichwa. "Nimewacheka kina Mama Brayo miaka yote. Mkono wangu nao una njia zake, sikuziona."

Alipeleka habari kwa mudir, yaani mkuu, wa idara yao, bwana mmoja mstaarabu ambaye sina la kumlaumu ila hilo. Mudir alimwambia arekebishe programu kimyakimya na waajiriwa wapya wapewe maneno mazuri. Ya zamani yatabadilishwa taratibu, ukaguzi wa mwaka ukishapita. Mwalimu alisema hapana, watu waambiwe leo, kwa sababu wengi walilipenda neno lile wakaliweka na kwenye barua pepe zao na benki, na kwa sababu faili za wagonjwa ziko wazi sasa hivi, si baada ya ukaguzi. Mudir akasema, "Khalas, basi, nimekusikia." Kibali cha Mwalimu cha kuishi nchini, kama cha kila mmoja wetu, kilishikwa na mwajiri. Akimkasirisha mudir, hapotezi kazi tu, anapanda ndege.

Alirekebisha programu. Akangoja tangazo. Halikuja. Mchana mmoja, kantini imejaa, Wafilipino, Wahindi, Wasudani, sisi, alisimama na sweta lake karibu na birika la maji, akagonga meza kama anayeituliza Kidato cha Pili.

"Samahani. Paswadi mlizopewa siku ya kwanza ziliundwa na programu yangu. Programu ile ina kasoro, na kasoro ni yangu, si ya mtu mwingine. Zinaweza kukisiwa. Kama bado mnazitumia, hapa au popote, badilisheni leo."

Akakaa, akaendelea kula wali wake. Watu walitazamana. Wengine walicheka. Nilisikia Mkenya mmoja meza ya nyuma akisema, "Mwalimu amejichoma mwenyewe, na makaa amebeba mwenyewe." Lakini niliona pia meza nzima ya Wahindi wakiacha sahani zao na kwenda kwenye kompyuta za wodini. Mpaka jioni watu wa zamu zote walikuwa wamebadilisha. Kama kuna mtu aliwahi kuingia kwenye faili lisilo lake kabla ya hapo, hakuna aliyejua, na hakuna atakayejua.

Mkataba wake haukuongezwa. Hakuna aliyesema ni kwa sababu ya kantini.

Nilimkasirikia. Nataka hilo lieleweke, maana sasa tunamsifu kama vile sote tulimpigia makofi. Nilimfuata hadi kwenye Corolla yake isiyofungwa.

"Una watoto wako chuo, Mwalimu. Ungenyamaza tu! Si ulisharekebisha? Nani angejua?"

"Wewe ukimpa mgonjwa dawa isiyo yake, halafu ukaona hajadhurika, unanyamaza?"

"Hiyo ni tofauti."

"Tofauti iko wapi?"

Alinitazama kwa yale macho ya kungojea jibu. Sisi wauguzi tukikosea dawa tunaandika ripoti siku hiyohiyo, na mgonjwa anaambiwa. Tumekula kiapo, na tunajua inavyouma. Nilimchukia kwa muda kwa sababu hakuacha kunitazama. Alipoondoka nchini tulimsindikiza wachache. Mama Brayo alilia kuliko wote, yeye aliyemnyima salamu.

Tulisikia amerudi Doha baada ya miaka kadhaa, safari hii kufundisha hesabu kwenye shule moja kule Al Wukair. Hakuonekana sana Abu Hamour. Tukasema labda ana aibu, labda ni umbali. Ni wakati ule Doha nzima ilipokuwa imechimbwa kwa ajili ya reli, ukitoka nyumbani hujui barabara ipi bado ipo.

Asubuhi moja, mimi nikiwa kwenye chumba cha kutolea damu, niliita namba iliyofuata na akaingia yeye. Amekonda. Nywele nyeupe zote. Shati jeupe la mikono mifupi, na mikono yenyewe nyembamba hivi kwamba nilianza kutafuta mshipa kwa macho kabla sijamsalimia.

"Mwalimu! Shikamoo."

"Marahaba. Nilijua nitamkuta mmoja wenu."

Akakaa. Nikafungua faili lake, kwa kuwa ndiyo kazi, nikasoma. Sijui kuficha uso, mume wangu huko nyumbani huniambia hivyo.

"Umeshasoma," akasema.

"Nimesoma. Pole, Mwalimu. Pole sana."

"Nani mwingine anaweza kusoma hapo?"

"Mimi, daktari wako, na mtu wa maabara."

"Mama Brayo?"

"Yuko wodi ya watoto. Akijaribu haifunguki, na jina lake litaonekana kwamba amejaribu."

"Una hakika, au unanifariji kama mgonjwa?"

Hapo nilivuta kiti nikakaa mbele yake, foleni ingoje. "Nina hakika. Ulipoondoka walibadilisha kila kitu. Walileta watu wa nje, wakapekua toka juu mpaka chini. Mudir alipinga, wakubwa wake wakamwambia mtu mzima hawezi kusimama kantini akajivua nguo hadharani bila sababu. Ni wewe, Mwalimu. Faili lako limefungwa kwa sababu yako."

Mtu aliyetuambia habari za meno yake na kukoroma kwake alikuwa anatafuta namna ya kulisema hili moja.

"Mke wangu bado hajui," akasema. "Anakuja mwezi ujao. Wewe unajua watu wetu, ikivuja hapa asubuhi, jioni iko Kitale, atapigiwa simu ya pole yuko sokoni. Nataka asikie kwangu. Tukiwa tumekaa, nimemshika mkono."

"Atasikia kwako."

Akakunja ngumi, mshipa ukajitokeza. Sindano iliingia mara moja.

Ijumaa ile Mama Brayo alinivuta kando ya ukumbi. Dereva wetu Mganda alikuwa amemwona Mwalimu kwenye geti la hospitali. "Anaumwa nini? Wewe uko damu, lazima umemwona." Nilimwambia amuulize Mwalimu mwenyewe. Aliuliza tena nyumbani, jikoni, akauliza kwa upole, akauliza kwa ukali, akanikumbusha miaka tuliyolala chumba kimoja. Akanuna. Tulipika kila mmoja sufuria yake mwezi mzima.

Kisha mke wa Mwalimu akaja. Sikuwa nimewahi kumwona, ila nilimtambua alipokuwa anakuja kwangu katikati ya watu, baada ya ibada, mama mfupi mwenye kitambaa cha kichwa, macho yamevimba kwa kulia. Alinishika mkono wangu kwa mikono yake miwili na hakuuachia.

"Ni wewe muuguzi?" akauliza. "Ameniambia mwenyewe, tumekaa, amenishika mkono."